Mantra ya Mungu wa Kike: Ilimu ya Mdomo na Ilimu ya Kitabu



Likitajwa neno "tantra" huku ughaibuni, fikra za wengi zinakwenda kwenye vile vitabu vya madukani vinavyouza mambo ya chumbani. Hiyo ni biashara ya juzi tu. Kwa Wahindu wanaomwabudu Mungu wa kike kwa njia hiyo, kitu cha mwanzo ni mantra, yaani silabi ambazo kwao ndiyo dhati ya huyo Mungu katika sauti.

Tuchukue madhehebu ya Shri Vidya, yenye mizizi khasa India ya kusini, yanayomwabudu Lalita Tripurasundari. Mantra yao kuu ina silabi 15 katika mafungu matatu: 5, 6 na 4, na kila fungu linamalizikia kwa silabi "hrim". Ukiichukua kamusi ya Kisanskriti hutopata sentensi hapo. Bhaskararaya, mwanachuoni wa karne ya 18, aliandika kitabu kizima, Varivasya Rahasya, kufafanua maana zake, moja juu ya nyengine.

Sasa mtu anaipata vipi? Kwa diksha: guru anamtamkia mwanafunzi sikioni, naye guru kapewa na guru wake. Sisi tuliokulia na habari za ijaza na silsila hatupati taabu kulifahamu hili, ingawa imani ni mbali mbali. Kularnava Tantra kinamwonya anayejichukulia mantra kitabuni bila ya mwalimu. Ndo maana hata walipoiandika waliificha. Katika utungo wa Saundaryalahari, ubeti wa 32, silabi zimefumbwa kwa majina ya miungu, jua, mwezi na ardhi; asiyepewa ufunguo anasoma shairi tu. Muthuswami Dikshitar (1775-1835) naye alimtungia Kamalamba wa hekalu la Tiruvarur nyimbo zinazopita nyua tisa za mchoro wa Shri Chakra. Zinaimbwa hadharani mpaka leo, na mwenye diksha anasikia zaidi ya jirani yake.

Mtu atasema: siri hiyo si ya kuwafungia watu nje? Ndiyo, lakini tutazame na upande wa pili. Mantra za Veda walikatazwa wanawake na Mashudra, wakati tantra nyingi ziliwafungulia mlango kwa sharti la guru. Katika Shri Vidya, moja ya njia mbili kubwa za hiyo mantra inanasibishwa na mwanamke, Lopamudra, mke wa Agastya. Ingawa, tuseme kweli, kule kusini Mabrahmani ndio walioishika zaidi.

Kisha ikaja chapa. Wamishionari waliitangaza tantra kuwa uchafu na uchawi, na Wahindu wengi wasomi wakaionea haya. Aliyesimama kuitetea ni Mwingereza, John Woodroffe, jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta, aliyetoa tafsiri ya Mahanirvana Tantra mwaka 1913 kwa jina la "Arthur Avalon". Dunia ikamsifu Avalon kwa Kisanskriti chake. Utafiti wa Kathleen Taylor, uliotoka 2001, umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya ujuzi huo ilitoka kwa rafiki yake Mbengali, Atal Behari Ghose. Jina la Ghose kwenye jalada halikuwepo.

Hapo ndipo penye somo kwetu tunaoandika historia tukiwa kwenye maktaba za watu. Silabi 15 leo zimechapwa, yeyote anaweza kuzisoma. Lakini kwa kanuni ya wenyewe, kilichomo kwenye karatasi ni herufi. Mantra inakaa mdomoni mwa aliyeipokea. Anayeitafuta historia yake kwa vitabu peke yake ataandika habari za waliochapisha, na waliofundisha watapotea, kama alivyokaribia kupotea Ghose.

Wenye ziada watuongezee.

Wasalaam.