Mtoza Ushuru wa Angani

Tunduma, kiasi cha kilomita mia moja kutoka Mbeya mjini, malori hujipanga kusubiri kuvuka kwenda Nakonde. Ng'ambo ya pili, Zambia, televisheni ilianza 1961, na miaka hiyohiyo ya 1960 ikaonyesha Doctor Who, tamthilia ya BBC kuhusu msafiri anayeruka karne kwa karne ndani ya kibanda cha polisi cha buluu. Upande wetu, Tanzania Bara, tulisubiri hadi 1994. Zanzibar walitutangulia kwa takriban miaka ishirini.

Kwa hiyo Novemba 1987, Ken Dodd alipoibuka kwenye tamthilia hiyo, watoto wa Iringa na Mbeya hawakuwa na habari. Dodd alikuwa mchekeshaji mkongwe wa Liverpool, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 60: nywele timtim, meno yamechomoza, na wimbo wake "Tears" ulishashika namba moja Uingereza mwaka 1965. Katika hadithi ya "Delta and the Bannermen" alipewa kazi ya kutoza ushuru angani. Daktari, yule msafiri, na mwenzake Mel wanafika kwenye kizuizi chake, na badala ya kuwadai, mzee anawashangilia: ninyi ni wateja wa bilioni kumi, mmeshinda safari ya Disneyland ya mwaka 1959! Wanaishia kwenye kambi ya mapumziko Wales. Mzee anabaki kwenye kibanda chake cha ushuru, jambazi Gavrok anamfikia, anamhoji, anamuua. Basi. Umaarufu wote ule, dakika chache!

Mwingereza alicheka, au alikereka, kwa sababu sura ile aliijua tangu zamani. Sisi wakati huo wakongwe wetu tuliwajua kwa masikio: Deborah Mwenda wa kipindi cha "Mama na Mwana", wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi, wote kupitia Radio Tanzania. Ungewaweka kwenye skrini, nani angewatambua kabla hawajafungua mdomo?

Mchekeshaji wetu King Majuto ndiye angeiweza nafasi ile ya Dodd. Alianza kuigiza 1958, na kanda na DVD zilipoenea, sura yake ikafika hadi Mwanjelwa, Mbeya, na Kihesa, Iringa. Yeye na Dodd walifariki mwaka mmoja, 2018, Dodd Machi, Majuto Agosti. Mweke Majuto kwenye kile kibanda cha ushuru wa angani: Daktari angekatiwa stakabadhi vizuri, kisha mzee angemkopa nauli.