Jawabu Kutoka Vitani
Somo: 1 Samueli 17:12–22

 

Mzee Yese wa Bethlehemu alikuwa na wana watatu vitani: Eliabu, Abinadabu na Shama. Siku zilipita, habari hakuna. Ndipo akamwita Daudi, akampa bisi, mikate na jibini, akamtuma kambini. Sisi hukimbilia habari za Goliathi, tukalisahau neno la mwisho la agizo la mzee huyo: Daudi arudi na jawabu yao. Katika Kiebrania neno hilo lina maana ya rehani, kitu cha kushikwa mkononi. Yese hakutaka hotuba. Alitaka alama kwamba wanawe wangali hai.

Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari vijana wa Uingereza waliokuwa Ufaransa walipewa kadi ya posta iliyokwisha kuchapwa maneno. Mstari mmoja ulisema ni mzima, mwingine kwamba yumo hospitalini, mwingine kwamba amepokea barua ya nyumbani. Kijana alifuta yasiyomhusu, akatia tarehe na jina lake, basi. Akiongeza neno jingine lolote, kadi iliharibiwa. Hakuweza kuandika kwamba anaogopa, wala kwamba amemkumbuka mama.

Hata hivyo kadi hizo zilitunzwa miaka mingi. Mama aliitazama ile sahihi akajua: mkono huu ni wa mwanangu, na siku ile ulikuwa bado una nguvu za kushika kalamu.

Wengine walinunua kadi za hariri, zilizotariziwa maua na bendera na wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji. Tena, Krismasi ya 1914, askari walipewa kikopo cha shaba kutoka kwa Mary, binti wa Mfalme, aliyekuwa na miaka 17. Wengi walipata ndani yake tumbaku na sigara. Wako waliokwisha kuvuta, kisha wakakipeleka kikopo nyumbani kiwe ukumbusho.

Lakini, ndugu zangu, vita hiyo ilifika kwetu pia. Makumi ya maelfu ya vijana wa nchi hii walichukuliwa kuwa wapagazi, wakabeba chakula na risasi kichwani hadi Tanganyika. Jina la Kariakor, hapa Nairobi, latokana na kikosi chao. Waliokufa kwa kuhara na malaria walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Hakuna kadi iliyofika kijijini, wala hariri, wala kikopo. Mama alikaa akiitazama njia mpaka akazeeka. Hata makaburini majina yao hayakuandikwa. Na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliungama jambo hilo na kuomba radhi.

Je, Mungu naye aliwasahau? Hasha! Kwa kinywa cha nabii Isaya, sura ya 49, atuambia kwamba hata mama akimsahau mtoto anyonyaye, Yeye hasahau. Watu wake amewachora viganjani. Na Bwana Yesu alipotoka katika vita yake na mauti, aliwaletea wanafunzi jawabu gani? Aliwaonyesha mikono yake yenye alama za misumari. Hiyo ndiyo rehani yetu kwamba Yu hai, na kwamba hakuna jina lililopotea kwake.

Nawe kijana uliye mbali na nyumbani, vita gani inakuzuia? Simu unayo, na hakuna anayekufutia maneno. Mbona mzee wako anaulizia habari zako kwa majirani? Leo, kabla jua halijatua, mpelekee jawabu.

Na tuombe. Ee Bwana, wafariji wanaongojea habari zisizofika. Wakumbuke waliolala bila jina. Utufundishe kukumbuka, kama Wewe unavyotukumbuka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.