Hewa ya chini ya ardhi hupangwa kabla ya kuchimba

Msafiri atokaye Kisumu kuelekea Isebania hupita Rongo, Awendo na Uriri kabla ya kuingia mji wa Migori. Kando ya barabara haoni ila miwa, mahindi na masoko. Hata hivyo, si mbali na hapo, kuelekea Suna na Nyatike, ardhi imetobolewa na mashimo ya dhahabu yanayoshuka makumi ya mita, na huko chini wachimbaji wadogo hushinda kutwa wakiufuata mkanda wa mwamba wenye madini. Hatari inayozungumzwa sana ni kuporomoka kwa kuta, kwa kuwa huonekana na huacha kifusi. Hewa mbaya haiachi alama yoyote. Mtu huishiwa nguvu, huketi kidogo kupumzika, na hainuki tena.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, wataalamu wa usalama wa kazi huihesabu kuwa pungufu. Karibu na asilimia 16 mshumaa huzimika na akili ya mtu huanza kuvurugika. Kwenye asilimia 10 huzirai, na ikiwa 6 hufa katika muda wa dakika chache. Kinachoila oksijeni hiyo si pumzi za watu peke yake. Magogo yanayozuia kuta yakioza huitumia, na mawe yenye salfa nyingi huitumia zaidi yakikutana na unyevu. Mgodi wa kale wa Macalder huko Nyatike, uliofungwa mwaka 1966, ulichimbwa katika mawe ya namna hiyo. Ndiyo maana njia iliyoachwa miaka mingi yaweza kuwa kavu na imara, na bado ikamuua wa kwanza kuingia.

Shimo lenye mdomo mmoja hufanana na kisima. Mchana, jua la Migori likiwa kali, hewa iliyo chini huwa baridi kuliko ya juu, kwa hiyo ni nzito zaidi na hutulia pale pale kama maji yaliyotuama. Kaboni dioksidi, ambayo uzito wake ni mara moja na nusu ya ule wa hewa, hujikusanya sakafuni. Usiku wa baridi hali hubadilika: hewa ya chini huwa na joto kuliko ya nje, nayo hupanda. Mchimbaji aliyefanya kazi alfajiri bila shida haelewi kwa nini saa nane mchana kichwa kinamuuma mahali pale pale.

Dawa yake ya kwanza si mashine bali ni mdomo wa pili. Shimo likiunganishwa chini kwa chini na jingine, hasa lililo juu zaidi mlimani, tofauti ya joto na kimo huisukuma hewa yenyewe, ikiingia huku na kutokea kule. Upepo huo wa asili una kasoro yake, kwani hugeuka kadiri joto la nje linavyobadilika, na ziko saa za asubuhi na jioni ambapo joto la ndani na la nje hulingana na hewa husimama kabisa. Lakini faida ya mdomo wa pili haiishii kwenye hewa, maana ndio pia njia ya kutokea.

Uingereza ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Januari 1862, katika mgodi wa makaa wa Hartley, kaskazini mwa nchi hiyo, boriti kubwa ya chuma ya mtambo wa kuvuta maji ilikatika ikatumbukia katika shimo pekee la mgodi na kuliziba. Watu 204 walikufa, na walionaswa huko chini waliuawa na gesi kabla ya kufikiwa. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kutaka kila mgodi wa makaa uwe na mashimo mawili.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala reli za chini ya ardhi mijini, ambako hesabu za hewa zimekwenda mbali zaidi. Treni za kwanza za London, mwaka 1863, zilivutwa kwa mvuke, na moshi ulitolewa kupitia nafasi zilizoachwa wazi juu ya njia. Umeme ulipochukua nafasi ya mvuke moshi uliondoka, joto likabaki. Treni ndani ya handaki jembamba husukuma hewa mbele yake kama bastola ndani ya silinda, na wahandisi huutumia msukumo huo kuisafisha njia. Hautoshi treni inaposimama, au inapowaka. Mwaka 1995 mjini Baku, Azerbaijan, treni ilishika moto kati ya vituo viwili; feni zilipobadilishwa mwendo, moshi ulivutwa upande ule ule waliokuwa wakikimbilia abiria wengi. Waliofariki walizidi 280. Tangu hapo swali la wapangaji si kiasi cha hewa tu, bali pia ni nani anayeamua ielekee wapi, na kwa amri gani.

Kwa mchimbaji wa Migori hesabu ni nyepesi kuliko hiyo, ingawa haikwepeki. Kanuni za usalama za Marekani kuhusu ujenzi wa mahandaki hudai takriban mita za ujazo 5.7 za hewa safi kwa dakika kwa kila mfanyakazi aliye chini. Watu 10 basi wanahitaji mita za ujazo 57. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 60 litazipitisha kwa kasi ya mita 3.4 hivi kwa sekunde. Bomba la sentimita 30 litadai kasi mara nne, na nguvu ya feni itapanda kwa takriban mara 32. Anayenunua bomba jembamba kwa kuwa ni rahisi ataulipa ule unafuu kwa mafuta kila siku, au, kama inavyotokea mara nyingi, ataridhika na hewa haba. Bomba lenyewe lifike karibu na pale watu wanapochimba, lisiwe na matundu njiani, na mdomo wake wa juu uwekwe mbali na moshi wa jenereta, upande upepo unakotoka.

Moshi huo unastahili aya yake. Mashimo mengi hujaa maji, na maji hutolewa kwa pampu. Pampu ya petroli haiteremshwi shimoni kwa hali yoyote, hata kwa dakika tano. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Gesi hiyo haizimi mshumaa. Desturi ya kuteremsha taa na kuamini kwamba ikiwaka pako salama ni mtego, mbali na kuwa mwali wenyewe waweza kulipua mvuke wa petroli. Kipimo cha kutegemewa ni kile kidogo cha mkononi kinachosoma gesi nne, kikiteremshwa kwa kamba kabla ya mtu. Baada ya baruti kulipuliwa, ambayo nayo huacha gesi hiyo pamoja na nyingine, feni huachwa ifanye kazi na kipimo kisomwe upya kabla ya yeyote kushuka. Na mwenzako akianguka chini, usimfuate bila kifaa cha kupumulia, kwani wengi wafao kwa gesi mashimoni ni waliokwenda kuokoa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi pawe na hewa safi ya kutosha. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 nayo iliwatambua wachimbaji wadogo kwa vibali vya miaka mitatu vinavyoweza kufanywa upya, ikaweka kamati za uchimbaji katika kaunti. Hapo ndipo uhandisi unapokutana na umiliki. Mashimo jirani huwa na wenyewe tofauti, na kuyaunganisha chini kwa chini ni kumfungulia jirani mlango wa dhahabu yako. Kwa hiyo mpango wa hewa huhitaji kuandikwa pamoja na mpaka, kabla ya sururu ya kwanza: njia ya kuunganisha ipite wapi, mawe yatakayotoka humo yagawanywe vipi, nani anunue mafuta ya feni, na kwamba hakuna atakayeziba mdomo wa shimo lake, hata kama dhahabu imemwishia, wakati jirani yake bado ana watu chini.