WABI-SABI: CHUMBA CHA UDONGO NA CHUMBA CHA DHAHABU (Sehemu ya 4)

Wengi mmeniuliza kuhusu huu mtindo wa Kijapani: kuta za rangi ya udongo, mbao bila vanishi, bakuli lenye ufa mezani. Wengine mmeshatajiwa bei mkashtuka. Sasa ngojeni nieleze ulikotokea.

Karne ya 15 wakubwa wa Japani walikunywa chai kwa kujionyesha. Vyombo vya kifahari vilitoka China, na mgeni alialikwa ili avione. Vita vya Onin, 1467 hadi 1477, vikateketeza sehemu kubwa ya mji wa Kyoto. Ni katika zama hizo Murata Juko alianza kuweka vyungu vya kwao, vya Bizen na Shigaraki, pamoja na vile vya China. Neno wabi lenyewe zamani lilibeba unyonge na upweke. Sabi ni ule uzuri unaokuja na uzee wa kitu.

Aliyeufikisha mbali ni Sen no Rikyu, mtoto wa mfanyabiashara wa Sakai, aliyezaliwa 1522. Msifikiri alikuwa fukara, hapana! Alikuwa mwalimu wa chai wa mtawala Toyotomi Hideyoshi. Chumba cha chai kinachohusishwa naye, Tai-an, kina mikeka miwili tu ya kukalia, yaani karibu sawa na kitanda cha sita kwa sita. Kuta ni udongo uliochanganywa na majani makavu, na yanaonekana. Mlango ni mdogo, hata jemadari anainama na kutambaa. Bakuli za aina aliyoipenda zilifinyangwa kwa mkono na Chojiro, fundi wa vigae.

Hideyoshi naye? Mwaka 1586 alipeleka ikulu ya mfalme chumba cha chai cha kubebeka, kimepakwa dhahabu! Na 1591 akamwamuru Rikyu ajiue. Sababu inabishaniwa mpaka leo; inayotajwa sana ni sanamu ya Rikyu iliyowekwa juu ya lango la hekalu la Daitoku-ji. Kile chumba cha dhahabu hakipo tena. Tai-an bado kimesimama Yamazaki.

Kwa hiyo ukiuziwa meza "iliyochakaa kwa ustadi" kwa mshahara wa miezi miwili, huyo muuzaji yuko upande wa Hideyoshi. Mkeka wa bibi na mtungi ulionao ndani vinatosha kuanzia.

Ila kama nesi niseme mawili. Rangi ya zamani inayobanduka ukutani usiiache eti ni pambo. Inaweza kuwa na risasi, na mtoto anayetambaa huokota na kula. Usiikwangue kavukavu pia, vumbi lake ni baya zaidi. Na bakuli lenye ufa weka funguo humo, uji wa mtoto hapana: ufa unashika mabaki na hausafishiki vizuri.