Tableti na kipokezi cha GPS katika ndege ndogo: anachopaswa kujua mwenye mzigo

KAMPALA – Mfanyabiashara anayekodi ndege ndogo Kajjansi au Entebbe kupeleka vipuri, dawa au vifaa vya minara ya simu huko Arua, Moroto au Bunia, huenda akakuta tableti karibu na usukani wa rubani, ya aina ile ile inayouzwa madukani mjini. Kwenye kioo chake kuna ramani, na juu ya ramani alama ya ndege inayosogea. Karibu na dirisha huwekwa kidude kidogo cheusi kinachoenea kiganjani. Hicho ni kipokezi cha GPS.

Vifaa hivyo viwili vimewapa marubani wa ndege ndogo kitu ambacho zamani kilikuwa cha wenye fedha nyingi. Mtambo wa GPS ulioidhinishwa na kufungwa ndani ya ndege unaweza kugharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani ukijumlisha kazi ya fundi. Kipokezi cha pembeni ni cha dola mia na kitu hadi mia kadhaa, na tableti inajulikana bei yake. Hata hivyo unafuu huo una masharti yake, na baadhi yanamhusu moja kwa moja mwenye mzigo.

Kwa nini kipokezi cha pembeni

Watu wengi hudhani kila tableti ina GPS. Si kweli. iPad, iliyoingia sokoni mwaka 2010, huuzwa kwa namna mbili: ile ya laini ya simu ina kipokezi cha setilaiti ndani, ile ya Wi-Fi peke yake haina. Hiyo ya pili hukisia mahali ilipo kutokana na mitandao ya Wi-Fi ya jirani. Kampala inaweza kupatia. Juu ya Ziwa Kyoga hakuna mtandao wa kukisia.

Hata tableti yenye GPS yake inaweza kupata shida. Ndege nyingi za Cessna zina mabawa juu ya kichwa cha rubani, na tableti iliyo magotini haioni anga vizuri. Kipokezi cha pembeni huwekwa panapoonekana anga, kikapokea ishara za setilaiti zisizopungua 4 na kuituma nafasi ya ndege kwenye tableti kwa Bluetooth. Baadhi yake, kama Garmin GLO, hutuma mara 10 kwa sekunde. Cessna 206 inayokwenda kilomita 240 kwa saa hupita mita 66 kila sekunde moja, hivyo tofauti hiyo huonekana.

GPS yenyewe haihitaji bando wala mnara wa simu. Kinachohitaji intaneti ni kupakua ramani, na hilo hufanywa kabla ya kuruka. Taarifa rasmi za anga hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, kwa hiyo ramani iliyopakuliwa miezi mitatu iliyopita imekwisha kupitwa na wakati. Aidha, si kila programu inayosifiwa Ulaya au Marekani ina ramani kamili za Uganda, na maneno WAAS na EGNOS yaliyoandikwa kwenye kasha la kipokezi ni mifumo ya kuongeza usahihi iliyojengwa kwa ajili ya Marekani na Ulaya. Vivyo hivyo taarifa za hali ya hewa ambazo marubani wa Marekani huzipata bure kwenye vipokezi vyao: zinatoka kwenye vituo vya ardhini vya huko. Mvua ya radi ya Ziwa Victoria haitajitokeza kwenye tableti kwa njia hiyo.

Mafuta na magunia

Faida kwa mwenye mzigo iko kwenye mafuta. Cessna Caravan, ndege inayotumika sana kwa mizigo midogo katika ukanda huu, huunguza kiasi cha lita 190 kwa saa. Lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa karibu kilo 0.8. Rubani ambaye hana hakika ya njia, akaamua kubeba mafuta ya saa nzima zaidi, anapunguza kilo 150 za mzigo, yaani magunia 3 ya sukari ya kilo 50. Kupotea dakika 10 tu ni zaidi ya lita 30. Akiba inayotakiwa na sheria haiguswi, lakini rubani anayeona njia yake kwenye ramani hana sababu ya kubeba mafuta ya wasiwasi.

Kuna suala jingine kwa wanaoruka Kajjansi. Uwanja huo, ulioko kando ya barabara ya Kampala–Entebbe, uko takriban kilomita 20 tu kutoka uwanja wa kimataifa, na ndege ndogo hazitakiwi kuzurura kwenye njia za ndege kubwa. Ramani inayosogea humsaidia rubani kujua mpaka uko wapi kabla mnara wa Entebbe haujamuuliza.

Herufi moja, kilomita 40

Hapa ndipo mteja mwenyewe anaweza kuleta hasara. Ikweta inapita Uganda, na viwanja vyake viko pande zote mbili za mstari huo: Entebbe na Kasese viko kaskazini, Mbarara kusini. Nchi nyingine rubani anaweza kuzoea herufi moja maisha yake yote. Hapa hapana. Uwanja wa Kasese uko takriban nyuzi 0 dakika 11 Kaskazini, nyuzi 30 dakika 6 Mashariki. Ukiandika S badala ya N, tableti itakupeleka kilomita 40 kusini, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, na haitalalamika, maana mahali hapo papo kweli.

Kosa la pili linatoka kwenye simu. Mwenye mzigo anapotuma mahali kwa simu, mara nyingi namba huja kwa desimali: Kasese itasomeka 0.183. Marubani hutumia nyuzi na dakika. Anayesoma 0.183 kana kwamba ni nyuzi 0 dakika 18 amekosea karibu kilomita 13. Karibu na Rwenzori, ambayo kilele chake kina mita 5,109, hilo si kosa la kufanya kwenye mawingu. Njia ya busara ni kutuma jina la uwanja pamoja na namba, na kutaja kwa maneno kama ni kaskazini au kusini.

Kuhusu kimo, GPS hupima kwa namna yake, na kipimo cha kawaida cha ndege hufuata shinikizo la hewa. Namba hizo mbili hutofautiana, hasa siku za joto. Waongozaji wa ndege hutenganisha ndege kwa kipimo cha shinikizo, si cha tableti.

Upande wa Kongo

Wafanyabiashara wengi hukodi ndege kwa sababu barabara kama ya Mpondwe–Kasindi kwenda Beni si salama. Lakini huko ndiko GPS imeonyesha udhaifu wake. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS Kivu Kaskazini, jambo lililoathiri hata ndege za misaada. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 mji ulipotekwa na M23.

Uvurugaji uko wa aina mbili. Wa kwanza huzima ishara, na tableti husema haina nafasi. Rubani anajua amepoteza msaada. Wa pili hutuma ishara za uongo, na alama ya ndege huendelea kusogea kwa utulivu mahali ambapo ndege haipo. Kuwa na vipokezi viwili hakusaidii, kwa sababu vyote vitadanganywa pamoja. Kinachosaidia ni dira, saa, ramani ya karatasi, mitambo ya redio kama VOR pale inapofika, na macho yanayotambua mito na vilima.

Joto na kibali

iPad imetengenezwa kutumika kwenye hewa isiyozidi nyuzijoto 35. Ikiwekwa juani nyuma ya kioo cha ndege hujizima yenyewe, mara nyingi bila onyo la kutosha. Betri ya kipokezi nayo huisha.

Kwa ndege za kukodi, kanuni za ICAO, Kiambatisho cha 6, zinamtaka mwendeshaji ahakikishe kifaa hakivurugi mitambo ya ndege, apime hatari zake, aweke utaratibu wa kukitumia na kuwafundisha marubani. Uganda msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (UCAA). Mteja ana haki ya kumuuliza mwendeshaji, kabla ya kulipa, kama tableti zake zimo kwenye utaratibu ulioidhinishwa, na rubani atatumia nini ikizimika katikati ya safari. Mwendeshaji makini atajibu papo hapo. Anayejibu kwamba haijawahi kuzimika hajajibu swali.