Gesi Isiyo na Pa Kwenda

Nyanda za juu za Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, hazikuwahi kulilia baridi. Kuna vilima huku vinavyopita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai watu hutoka wamejitanda mablanketi. Chini kwenye tambarare zinazouzunguka Mlima Hanang, wafugaji wa Kidatoga walihifadhi maziwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi, yakaganda na kukaa siku kadhaa bila kuharibika. Friji ilipofika ilitumika kwanza kwa dawa, chakula kikafuata baadaye sana. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, haikuweza kufanya kazi bila baridi, na mpango wa taifa wa chanjo ulioanza 1975 ulitaka baridi hiyo hiyo ifike hadi zahanati za vijijini. Mahali pasipo na nguzo ya umeme, friji za chanjo ziliendeshwa kwa mafuta ya taa au gesi ya kupikia, na ndani yake mlizunguka amonia.

Amonia haidhuru tabaka la ozoni. Ni mojawapo ya gesi ambazo wakubwa wa viwanda vya Marekani walitaka kuziondoa majumbani, kwa sababu friji za mwanzo zilizotumia amonia, dioksidi ya salfa au kloridi ya methili zilipovuja usiku ziliweza kuua familia iliyolala. Mwaka 1928 mkemia Thomas Midgley na wenzake, wakiifanyia kazi Frigidaire, iliyokuwa mali ya General Motors, walipata jibu: gesi ya CFC, yaani klorofluorokaboni. Haikuwaka, wala haikuwa sumu kwa mtu aliyeivuta kidogo. Sifa kubwa ya gesi hii ilikuwa uthabiti wake, na balaa lake likatoka humo humo. CFC-12, aina iliyotumika kwenye friji, huweza kudumu angani kama miaka 100. Hupanda polepole hadi juu kabisa, mionzi ya jua ikaivunja, na klorini inayotoka humo huimung'unya ozoni inayotukinga na mionzi hiyo. Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza hilo mwaka 1974. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza waliokuwa Antaktika wakatangaza kwamba ozoni ya huko ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya kuchipua. Itifaki ya Montreal, ya kudhibiti gesi zinazoharibu ozoni, ilitiwa saini Septemba 16, 1987, na Tanzania ikajiunga nayo 1993.

Itifaki hiyo inastahili sifa zote inazopewa. Lakini inahesabu kinachozalishwa, kinachoingizwa na kinachouzwa nje. Nchi zinazoendelea ziliacha CFC Januari 1, 2010. R-22, gesi ya viyoyozi vingi tunavyoviona, ilitakiwa kupunguzwa kwa asilimia 67.5 kufikia 2025 na karibu yote kufikia 2030. Gesi iliyokwisha kuingia ndani ya friji ya mtu haimo katika hesabu hizo. Hakuna kifungu kinachoilazimisha nchi kuifuata, kuivuta na kuiteketeza. Bomba limefungwa, ndoo zilizokwisha kujaa zimeachwa kwa wenyewe.

Na wenyewe ni akina nani? Kwa miaka mingi friji zilizochakaa Ulaya zilipakiwa melini kuja Afrika. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilipobana mwanzoni mwa miaka ya 2000, Uingereza ilijikuta na milima ya friji kuukuu, kwa sababu haikuwa na mitambo ya kuzichakata na njia ya kuzisafirisha nje ilikuwa imezibwa. Zilizokwisha kuvuka bahari hakuna aliyezidai zirudi. Huku kwetu ziliuzwa kama mitumba, na nguzo za umeme za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, zilipoanza kuingia vijijini zilikuta soko la vyombo vya bei nafuu vyenye umri mkubwa.

Tazama sasa friji hiyo inavyokufa. Kompresa imegoma, fundi amesema haifai tena, na mnunuzi wa skrepa amekuja na mizani yake. Anachotaka ni kompresa na mirija ya shaba. Anaukata mrija kwa koleo, unasikika mlio mkali wa sekunde chache, tone la mafuta linadondoka, basi. Friji ya nyumbani ya CFC-12 ilibeba kama gramu 120 tu. Lakini kilo moja ya CFC-12 huipasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 10,000 za hewa ukaa, kwa hiyo sekunde hizo ni sawa na kuachia zaidi ya tani moja. Kisha kuna povu gumu la njano lililojazwa kwenye kuta: katika friji za zamani lilitengenezwa kwa CFC-11, na mara nyingi linabeba gesi nyingi kuliko mirija. Bati likibanduliwa, povu hutupwa shimoni au kuchomwa pamoja na taka.

Simlaumu fundi wala mnunuzi. Kuvuta gesi kunahitaji mashine ya kuvutia, mtungi wa kukusanyia usiojazwa kupita asilimia 80, na mtu wa kuupokea mtungi ukijaa. Huyo wa mwisho ndiye anayekosekana hata katika nchi zenye mashine.

Dunia ililiona pengo hili kwa kuchelewa. Mkutano wa nchi wanachama wa Itifaki uliofanyika Doha Novemba 2008 uliutaka Mfuko wa Itifaki ugharimie miradi ya majaribio ya kuteketeza gesi hizi, na Ghana, Nigeria, Nepal, Mexico na nyingine zikapata fedha. Ghana ilienda mbele zaidi: ilipiga marufuku friji za mitumba kuanzia 2013, ikampa punguzo la bei mwananchi aliyeleta kuukuu anunue mpya. Desemba 2022 Mfuko ukafungua dirisha la kuzisaidia nchi kuorodhesha gesi zisizotakiwa. Miaka 35 baada ya Montreal, tumeanza kuhesabu.

Kuteketeza kunawezekana. Tanuri la saruji lenye joto la kutosha na usimamizi mkali huweza kuharibu asilimia 99.99 ya gesi hizi. Katika miaka ya 1990 tanuri la saruji hapa Tanzania lilichoma DNOC, sumu ya zamani ya kuulia nzige, kwa msaada wa Wajerumani. Kusafirisha nje ni kugumu zaidi, maana Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatari, unadai idhini ya kila nchi shehena inakopita, na nani atazunguka ofisi zote hizo kwa mitungi sita?

Kwa Mbulu na Hanang, njia ya kukusanya gesi inaweza kuanzia Babati, kwenye chuo cha ufundi cha VETA, pawe mahali pa kupokea mitungi iliyojaa na kutoa mitupu. Kutoka Katesh, wilayani Hanang, ni lami. Kutoka Haydom safari ni ngumu zaidi. Gharama ya gari na ya tanuri atozwe mwagizaji wa gesi mpya, bandarini. Akitozwa fundi wa Haydom, hata shilingi elfu kumi tu, ataufungua mrija pale pale.