Mashine Iulizayo na Mtu Achaguaye

Mfanyabiashara wa viazi mjini Nakuru akitaka kumlipa mkulima wake wa Molo, siku hizi hana haja ya kupanda gari wala kumkabidhi utingo bahasha ya fedha. Hufungua simu yake, na orodha fupi humkabili: kutuma pesa, kutoa pesa, kununua muda wa maongezi, kulipa. Huchagua jambo moja, hutaja namba ya mkulima, kisha kiasi cha fedha, kisha namba yake ya siri. Jambo hili limezoeleka hata ni wachache wajiulizao: mashine isiyo na akili ilifundishwaje kuuliza swali na kutii jibu?

Ili kupata jibu, hatuna budi kurudi nyuma hadi Marekani, katika maabara ya Bell, ulikozaliwa mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Baina ya mtu na kiini cha mfumo huo iliwekwa programu iitwayo sheli. Msomaji asiichanganye na sheli iuzayo petroli kando ya barabara. Maana yake hapa ni gamba, kwa kuwa hukizunguka kiini kama gamba lizungukavyo kokwa. Mtu huandika amri, nayo sheli huitekeleza. Amri nyingi zikiandikwa pamoja katika faili moja, huitwa skripti.

Mwaka 1979 sheli iliyotungwa na Stephen Bourne ilitolewa pamoja na toleo la saba la Unix. Ndani yake neno *read* liliifanya skripti isimame ingoje jibu la mtu, na neno *case* lililinganisha jibu hilo na machaguo, moja baada ya jingine, hadi lipatikane linalofanana nalo. Fungu hilo lilifungwa kwa neno *esac*, ambalo ni *case* lililoandikwa kinyumenyume, desturi iliyotoka katika lugha ya ALGOL 68. Baadaye sheli ya David Korn, wa maabara hiyohiyo, ilileta neno *select*, ambalo huyaorodhesha machaguo kwa namba na kungoja mtu ataje moja.

Lakini kuuliza ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kulipokea jibu. Ukimpa mtu machaguo matatu, huyu ataandika nne, yule ataandika herufi, na wa tatu atabonyeza kitufe pasipo kuandika lolote. Kwa sababu hiyo, waandishi wa skripti huweka alama ya nyota mwisho wa machaguo ya *case*. Nyota hiyo hudaka kila jibu lililokataliwa na machaguo yaliyo juu yake. Ndipo mtu huambiwa kuwa chaguo lake halimo, na swali huulizwa upya. Nyota ikitangulizwa mwanzo, humeza majibu yote, mema na mabaya. Ikisahauliwa kabisa, jibu baya hupita kimya, na mtu hudhani kazi yake imetendeka.

Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya mwezi wa Machi, 2007. Orodha yake haikuandikwa kwa sheli, bali ilikaa ndani ya kadi ya simu. Hata hivyo kanuni ya kuuliza, kupokea na kupima jibu ni ileile. Kabla huduma hiyo haijatimiza mwaka, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliikumba nchi. Nakuru, Molo na Naivasha ziliumia sana. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na barabara zilifungwa. Katika siku hizo wako Wakenya waliowatumia jamaa zao waliokwama fedha na muda wa maongezi kwa simu.

Hebu tufikiri: mtumaji mwenye hofu akikosea tarakimu moja, nyota ingemfaa nini? Namba aliyoandika ni namba halali. Tatizo ni kwamba ni ya mtu mwingine. Nyota hudaka jibu lisilomo katika orodha, lakini haiwezi kulidaka jibu lililomo ambalo mtu hakulikusudia. Kosa la namna hii huhitaji swali la pili. Ndiyo maana baadaye M-Pesa iliongezewa Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka. Vivyo hivyo, skripti iliyotungwa kwa busara haifuti faili za mtu kabla ya kumwuliza kama ana hakika.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika historia hii tunaona kwamba methali hiyo haiwahusu wanadamu peke yao. Kijana atakayetunga programu kesho, asijivunie orodha yake kwa uzuri wa machaguo tu. Na aipime kwa namna itakavyomtendea mtu aliyekosea, maana huenda mtu huyo ameshika shilingi zake za mwisho.